Soko la Aibu

Katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani aitwaye Roy Raymond aliingia katika duka kubwa la nguo kumnunulia mkewe nguo za ndani. Alikuta gauni za kulalia za nailoni zenye maua ya kuchusha, taa kali zikiwaka juu yake, na muuzaji aliyemtazama kama mtu mwenye nia mbaya. Akatoka na hasira zake. Mwaka 1977, akiwa na dola 40,000 alizokopa benki na 40,000 nyingine za wakwe zake, alifungua duka mjini Palo Alto, California. Alilipamba kwa mbao na mapazia mazito, mfano wa chumba cha bibi wa Kiingereza wa karne ya 19, ili mwanamume aweze kuzunguka humo bila kujiona mwizi. Akaliita Victoria's Secret. Mauzo ya mwaka wa kwanza yalifika dola nusu milioni.

Tazama ni nani aliyekuwa akiona haya. Si mvaaji, ni mumewe. Jina lililokuja kutawala biashara ya sidiria na chupi Marekani, na kuigwa kila mahali, lilianza kama dawa ya haya ya mwanamume. Na hapo ndipo Raymond alipokwama, maana mume hununua mara moja kwa mwaka, tena kwa kubahatisha, ilhali mvaaji hununua kila lastiki inapolegea. Mwaka 1982, duka likielekea kufilisika, aliliuza kwa takriban dola milioni moja kwa Leslie Wexner, mfanyabiashara wa Ohio, ambaye aligeuza kila kitu kimwelekee mwanamke mwenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauzo yalikuwa yamepita dola bilioni moja kwa mwaka.

Historia ya nguo hizi huandikwa mara nyingi kama safari ya mwili kutoka kifungoni kwenda kwenye uhuru: jana koseti, leo sidiria laini. Simulizi hiyo ni tamu, ila inaruka jambo la msingi. Nguo inayovaliwa chini ya nyingine haishindanishwi hadharani. Mnunuzi haulizi jirani, hajaribu mbele za watu, na akiuziwa mbovu mara nyingi hairudishi. Kwa hiyo anayejua kuishughulikia haya hiyo, kwa kuipunguza au kwa kuichochea, ndiye anayetajirika. Vitambaa, mitindo na hata hoja za maadili vimekuja nyuma yake.

Koseti ya Ulaya inaonyesha hivyo mapema. Kwa muda mrefu ilishonwa na fundi kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja, ikikazwa kwa kilichoitwa mfupa wa nyangumi, ingawa si mfupa: ni vipande vya utando mgumu unaoning'inia mdomoni mwa mnyama huyo. Katika karne ya 19 chuma kilichukua nafasi yake, vitundu vya kupitishia kamba vikavishwa pete za chuma ili kitambaa kisichanike kikivutwa, na cherehani ikashusha bei hadi mfanyakazi wa kiwandani akaimudu. Hapo madaktari walikuwa wameshaanza kuilaani kwamba inabana mapafu na kusogeza viungo vya tumboni. Mmoja wao, Lucien Warner wa jimbo la New York, alizunguka akiwahutubia wanawake juu ya madhara hayo. Kisha, mwaka 1874, yeye na ndugu yake, naye daktari, wakaanzisha kampuni ya kutengeneza koseti za afya. Miaka miwili baadaye walihamia Bridgeport, Connecticut, na wakawa matajiri wakubwa. Sioni mfano safi kuliko huo wa mhubiri wa ugonjwa kugeuka muuza dawa.

Chupi nayo ina mambo yake. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake wengi wa Ulaya hawakuvaa kitu chochote cha namna hiyo. Suruali ndogo ya ndani ilihesabiwa kuwa vazi la kiume, au la wacheza dansi na malaya. Ilipokubalika, kwa miongo mingi iliachwa wazi katikati, bila mshono, ili mwanamke aliyevaa sketi juu ya sketi aweze kwenda haja bila kuvua mzigo wote ule. Wamisionari wa Kianglikana walipohamia Zanzibar mwaka 1864, desturi ya kufunga mshono huo ilikuwa haijawa ya kawaida hata kwao. Inafaa kukumbuka hilo tunaposoma walivyoandika kuhusu staha na uchi wa wenyeji.

Maana Pwani haya ilikuwa na mpangilio wake. Elimu ya mwili wa mwanamke haikuwa dukani. Ilikuwa kwa somo na kungwi, ndani ya unyago, ambako mwali alifundwa usafi, hedhi, ndoa, na namna ya kujipamba mahali ambapo mume peke yake ataona. Pambo kuu la ndani lilikuwa shanga za kiunoni. Usidhani hizo zilikuwa nje ya biashara ya dunia. Shanga nyingi za kioo zilizoingia Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilitengenezwa Venice, zikapita Zanzibar, na wasafiri kama Richard Burton waliona kwa mshangao jinsi rangi inayopendwa inavyobadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikwama na mzigo wake. Mitindo ilikuwepo, na hasara yake ilimfika mfanyabiashara aliyedhani kwamba watu wa bara watapokea chochote.

Kitambaa cha juu nacho kilikuwa siasa tupu. Mtumwa wa Zanzibar alivaa merikani, pamba ngumu iliyoletwa kutoka Marekani, au kaniki, na kiasi cha mwili kilichofunikwa kilimtenga na mwungwana. Baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, wanawake waliotoka kifungoni waliiacha kaniki wakajitanda kanga, wengine wakachukua na buibui. Kufunika mwili kulikuwa tangazo la uhuru. Nalitaja hili kwa sababu ile hadithi ya Ulaya, ambamo kupunguza nguo ndiko kujikomboa, haikai hapa. Sidiria na chupi za dukani zilipofika mijini, na baadaye gagulo lililotanua magauni ya wanawake wa miaka ya 1950 na 1960, hazikuleta haya mahali ambapo haikuwepo. Zilihamisha madaraka juu yake, kutoka kwa somo kwenda kwa mwenye duka.

Turudi Marekani, maana huko ndiko haya ilikopatiwa hesabu. Mwaka 1914 msichana tajiri wa New York, Mary Phelps Jacob, alipata hataza ya sidiria aliyoibuni kwa vitambaa viwili vya mkononi na utepe, kwa kuwa koseti ilimharibia gauni la dansi. Alijaribu kuitengeneza mwenyewe, akachoka, akaiuza hataza kwa dola 1,500. Mnunuzi alikuwa kampuni ya akina Warner, wale wale madaktari. Paris, Herminie Cadolle alikuwa ameshaigawa koseti vipande viwili tangu 1889, na duka lake likabaki mikononi mwa ukoo. Tofauti kati ya wanawake hao wawili haikuwa akili, bali kumiliki karakana.

Ida Rosenthal aliielewa tofauti hiyo. Alizaliwa karibu na Minsk katika himaya ya Urusi, akahamia Marekani akiwa kijana, akaanza na cherehani moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mshirika wa Enid Bissett katika duka la magauni jijini New York. Mtindo wa wakati huo ulitaka kifua bapa, na wasichana walijifunga kitambaa kukilaza. Rosenthal na Bissett waliona magauni yao hayakai vizuri juu ya kifua kilichobanwa, wakashonea ndani kijisidiria chenye vikombe viwili vinavyotenganisha na kubeba. Mume wa Ida, William, aliyependa uchongaji, akaboresha umbo lake. Wateja walianza kurudi kuulizia kile cha ndani bila gauni. Magauni yakaachwa, kampuni ikaitwa Maidenform, kiwanda kikajengwa Bayonne, New Jersey. Kuanzia 1949 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitangaza kwa picha za mwanamke anayeota yuko kazini, mitaani, hata kwenye kampeni ya kura, juu akiwa amevaa sidiria tupu. Ndoto ndiyo iliyokuwa kibali: mwanamke aliyelala hawezi kulaumiwa.

Lakini jambo lililobadilisha biashara kuliko picha hizo ni herufi. Katika miaka ya 1930 makampuni ya Marekani, Warner ikiwemo, yalianza kutaja ukubwa wa kikombe kwa A, B, C na D, mbali na namba ya mzunguko wa kifua. Kabla ya hapo mnunuzi alihitaji mikono ya mtu: fundi au mpimaji aliyemwingiza chumbani na utepe. Sasa aliweza kusema 36C na kuondoka. Herufi zilipunguza mazungumzo ya aibu hadi silabi chache.

Bei ya urahisi huo ililipwa na mwenye duka. Chukua namba tano za mzunguko na herufi nne, unapata sidiria ishirini tofauti. Zizidishe kwa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya mwili, zinakuwa sitini, na hapo bado ni mtindo mmoja tu. Fulana huuzwa kwa saizi nne. Sidiria inafungia mtaji kwenye rafu, na ndiyo maana tangu wakati huo imekuwa bidhaa ya wenye fedha ndefu. Mwenye meza ya barabarani hawezi kubeba sitini. Hubeba saizi za katikati zinazotoka haraka, na mwanamke mwenye kifua kikubwa au kidogo kupita kawaida huambiwa lastiki itavutika. Nitalirudia hili nikifika soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

Nailoni niipite upesi, kwa kuwa imesimuliwa sana: kampuni ya DuPont iliivumbua mwaka 1935, soksi zake ndefu zikaingia madukani Marekani nzima Mei 1940, vita vikaichukua nailoni kwenda kwenye miavuli ya kurukia, na ziliporudi watu walipigana kwenye foleni. Mpira na baadaye nyuzi za spandeksi, zilizotoka maabara ya kampuni hiyo hiyo mwaka 1958, ndizo zilizokiondoa chuma cha koseti mwilini. Kisa cha International Latex, waliotengeneza nguo za ndani za Playtex, kinastahili zaidi. Kampuni hiyo ilishinda zabuni ya mavazi ya safari za Apollo mwezini. Mashirika ya uhandisi yaliyoshindana nayo yaliwaza vyuma na maungio, yenyewe ikawaza mshono. Mafundi wa kike waliohamishwa kutoka kwenye sidiria na mikanda ya tumbo walikaa Delaware wakishona tabaka juu ya tabaka, mshono usiruhusiwe kupinda hata milimita moja, maana kosa lingemuua mtu. Mwaka 1969 Armstrong na Aldrin walikanyaga mwezi ndani ya kazi ya mikono hiyo. Ujuzi uliodharauliwa kwa sababu ya mahali ulipovaliwa ulikuwa uhandisi siku zote.

Mwaka mmoja kabla yake, 1968, una matukio mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Tarehe 7 Septemba wanawake walikusanyika Atlantic City kupinga shindano la ulimbwende la Marekani. Waliweka pipa la taka wakatupa humo sidiria, mikanda ya kubana tumbo, viatu virefu na magazeti ya urembo. Hakuna kilichochomwa moto, ila wanahabari walipenda moto zaidi, na mpaka leo watu husimulia sidiria zilizoungua. Mwezi uliofuata, Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kung'arisha ngozi vingepigwa vita kama uchafu wa kigeni. Vijana wa kiume hawakungoja tarehe hiyo, wakaanza kuwakamata na kuwachania wanawake nguo karibu na stendi ya mabasi ya Kariakoo. Huko Marekani mwanamke alivua kwa hiari na akachekwa. Hapa alivuliwa kwa nguvu, na wanaume waliofanya hivyo wakajiita walinzi wa heshima yake. Katika miji yote miwili ubishi ulikuwa mmoja, kwamba nani ana haki ya kusema mwili huu unatia aibu.

Makampuni yalisikiliza ubishi huo kwa masikio ya biashara. Mwaka 1977, mwaka ule ule wa duka la Raymond, wanawake watatu katika Chuo Kikuu cha Vermont, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Schreiber, walichoshwa na maumivu ya kukimbia bila sidiria inayoshika. Wakachukua vibebeo viwili vya korodani vya wanamichezo wa kiume, wakavishona pamoja, ikawa sidiria ya kwanza ya michezo kuingia sokoni. Akili yao kubwa ilikuwa mahali pa kuiuzia. Waliipeleka maduka ya vifaa vya michezo, ikatundikwa karibu na viatu na mipira. Huko haikuwa siri ya chumbani, ilikuwa kifaa. Mwaka 1990 Playtex iliwanunua. Katika miaka ya karibuni ujanja umegeuka tena: Victoria's Secret ilisimamisha maonyesho yake ya mitindo mwaka 2019 baada ya kushutumiwa kwa kumtukuza mwanamke wa umbo moja tu, na Rihanna, aliyeanzisha Savage X Fenty mwaka 2018, aliwavuta wateja wengi kwa kuwaahidi kutokuona haya kabisa. Nayo ni bidhaa, ina bei yake.

Wakati maneno hayo yakipambwa upande wa mauzo, ushonaji ulishahama. Mkataba wa kimataifa wa nyuzi na nguo, uliogawa viwango vya kuuza nje kwa kila nchi tangu 1974, ulivisukuma viwanda kutafuta nchi ambazo bado zina nafasi. Sri Lanka ilifaidika hapo. Kampuni ya MAS, iliyoanzishwa 1987, ilijijenga kuwa mshonaji mkubwa wa majina ya Marekani, Victoria's Secret likiwemo. Mkataba ulipokwisha Januari 2005, bidhaa za China zilimiminika Ulaya kwa kasi kubwa hata kufikia Agosti takriban nguo milioni 80, sidiria zikiwa miongoni mwake, zilizuiliwa bandarini. Magazeti ya Uingereza yaliuita mvutano huo vita vya sidiria. Wakuu wa biashara wa Ulaya na China waliketi Beijing kuzinusuru. Sidhani nguo ya ndani imewahi kujadiliwa na wanaume wengi wenye suti kiasi hicho, na kwa nyuso kavu vile.

Afrika Mashariki ina kipande chake katika mnyororo huo. Kampuni ya Sri Lanka iitwayo Hela ina kiwanda cha nguo za ndani Athi River, nje kidogo ya Nairobi, katika eneo la viwanda vya kuuza nje, kilichonufaika na AGOA, nafuu ya ushuru ambayo Marekani huzipa bidhaa za Afrika. Kwa hiyo chupi mpya ya jina kubwa hushonwa na msichana wa Kenya, huvuka bahari, huvaliwa, na huenda ikarudi Nairobi, kwenye soko la mitumba la Gikomba, ndani ya belo. Huo si ujanja wa mtu mmoja mwovu. Mpango wenyewe, ushuru na soko lake, ulichorwa hivyo.

Katika nchi za Ghuba, swali la nani asimame nyuma ya kaunta lilifika kwa mfalme. Saudi Arabia ilizuia wanawake wasichanganyike na wanaume kazini, ikapata matokeo ya ajabu: maduka ya sidiria na chupi yalijaa wauzaji wanaume, wengi wageni, na mwanamke aliyejifunika uso alilazimika kumtajia mwanamume asiyemjua ukubwa wa kifua chake. Vyumba vya kujaribia havikuwepo. Waziri wa kazi aliagiza wauzaji wawe wanawake mwaka 2006, viongozi wa dini wakapinga, agizo likalala. Kisha Reem Asaad, mhadhiri wa mambo ya fedha mjini Jeddah, akaanzisha mgomo wa wanunuzi kupitia mtandao. Juni 2011 Mfalme Abdullah alitoa amri, na tangu Januari 2012 ikaanza kutekelezwa. Maelfu ya wanawake walipata ajira ya kwanza maishani. Ninavyoona, Asaad alishinda kwa sababu hakudai uhuru, alidai stara. Aliwapokonya wapinzani hoja yao wenyewe na kuwarudishia.

Sasa kwetu. Tanzania, kupitia kiwango cha Shirika la Viwango, TBS, cha mwaka 2003, imekataza kuingiza na kuuza nguo za ndani za mitumba. Maafisa hufanya misako masokoni, hukamata marobota, huyateketeza. Sababu rasmi ni afya, yaani fangasi, upele na magonjwa mengine ya ngozi. Sina ugomvi na sababu hiyo kwa chupi. Kwa sidiria inalegalega, kwani maji ya moto, sabuni na jua hufanya kazi, na hatusikii misako ya namna hiyo kwa mashuka na taulo za mitumba. Kuna kitu zaidi ya vijidudu. Tendai Biti, aliyekuwa waziri wa fedha wa Zimbabwe, alikitamka bila kuficha mwaka 2011 nchi yake ilipoweka katazo kama hilo: alisema mume anayeona mkewe akinunua chupi sokoni kwenye mitumba ameshindwa kazi yake, na kwamba angekuwa mkwe angemchukua binti yake. Hakuzungumzia ngozi ya mwanamke, alizungumzia heshima ya mwanamume. Taifa nalo lina haya zake, na huzifunika kwa mwili wa mwanamke.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba yote hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, wanachama wakarudi nyuma mmoja mmoja, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa nguo mwaka 2018. Viwanda vyetu vya nguo, kama Urafiki ya mwaka 1968 na wenzake, vilikuwa vimedhoofika tangu milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, navyo havikuwahi kuwa vya sidiria. Katazo la nguo za ndani bila kiwanda cha kuzishona lina mshindi mmoja, naye ni mwagizaji wa mizigo ya China.

Pita mitaa ya Kariakoo utamwona mshindi huyo kwa macho. Maduka ya jumla hufungua katoni za chupi, taiti na sidiria za pushapu, na wamachinga, wengi wao vijana wa kiume, huzimwaga mezani au kuzitundika kwenye miavuli. “Dada karibu, saizi zote zipo!” Saizi zote hazipo, kwa hesabu ile ile ya sitini. Kijana hukadiria kwa jicho, mteja hulipa haraka huku akitazama pembeni, na nguo huingia kwenye mkoba bila kujaribiwa. Baada ya kufuliwa mara kadhaa waya hutokeza na lastiki hulegea. Mtu hawezi kurudi kuilalamikia mbele ya umati. Aibu ndiyo inayolinda ubora duni, na wauzaji wanajua.

Ndiyo maana sidiria ya mtumba haikufa. Ilishonwa kwa soko lenye wateja wanaorudisha bidhaa, ina vikulabu vitatu badala ya kimoja, na saizi kubwa zinapatikana. Katazo limeisogeza chini ya meza. Mteja humnong'oneza mama anayemfahamu, na bei hupanda kwa sababu ya hatari. Nchini Msumbiji shirika la Free the Girls limechukua mkondo mwingine: hukusanya sidiria zilizotumika Marekani na kwingineko na kuwapa wanawake waliookolewa kutoka kwenye usafirishaji haramu wa binadamu waziuze sokoni. Lilichagua sidiria kwa sababu hutafutwa sana, na kwa sababu wanunuzi wake ni wanawake, hivyo muuzaji halazimiki kushughulika na wanaume siku nzima. Bidhaa ambayo Dar es Salaam huchomwa moto, Maputo imekuwa mtaji.

Upande mwingine kuna akina dada wa simu. Mmoja anapiga picha mzigo, anaweka WhatsApp au Instagramu, anauliza vipimo kwa ujumbe, anatuma bodaboda na mfuko usioonyesha kilichomo. Mazungumzo ambayo hayawezekani barabarani yanawezekana kwa kuandikiana usiku: kifua baada ya kunyonyesha, upande mmoja uliokatwa kwa saratani, tumbo la baada ya upasuaji wa uzazi. Wengine hufundisha kabisa jinsi ya kujipima. Kwa namna fulani somo amerudi, safari hii akiwa na orodha ya bei.

Anayeachwa nje ya mipango yote hii ni mtoto wa kike asiye na fedha. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ikaitaka serikali iwape wanafunzi bure. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Mijadala ya bungeni ilikuwa mirefu na mizuri. Lakini pedi hushikiliwa na chupi. Msichana mwenye chupi moja iliyolegea, anayeifua usiku na kuivaa mbichi asubuhi, akipewa paketi ya pedi za bure hana pa kuzibandika. Shirika la Huru nchini Kenya lilitambua hilo mapema, na mkoba wake wa pedi za kufua una chupi ndani yake. Misamaha ya kodi haikuzigusa chupi. Fomu za kujiunga na shule za bweni huorodhesha nguo za ndani pamoja na ndoo na godoro, kwa hiyo mzazi husoma na kununua. Anayesoma shule ya kutwa hapewi orodha, na nyumbani hujisikia vibaya kumwomba baba.